Nani Atakaa na Mtoto Maji Yakipwa?

Huko Fumba, kusini-magharibi ya kisiwa cha Unguja, kazi ya wanawake huongozwa na mwezi. Siku za bamvua, maji yakipwa mbali, huteremka pwani kuokota chaza na kombe, na wenzao wa Bweleo vivyo hivyo. Saa hizo ni chache, wala bahari haimngoji mtu.

Tumfikirie basi mama mmoja wa huko, mwenye mtoto wa miaka saba aliye na mtindio wa ubongo. Mtoto mwingine wa umri huo angekuwa shuleni, au angemfuata mama yake pwani akachezea mchanga. Huyu hawezi kukaa bila kuegemezwa. Uji hulishwa kijiko kimoja kimoja, polepole, usije ukampalia. Hana budi kugeuzwa, kusafishwa na kubebwa. Na kila mwaka yeye huzidi uzito, lakini mgongo wa mama hauzidi nguvu. Maji yakipwa, nani atakaa naye?

Jirani husema: “Mama huyu ana subira kweli.” Nasi pia, wasomaji wapenzi, twasema hivyo. Twamsifu, twamwombea, kisha twaenda zetu. Sifa hizo ni za haki, lakini twaogopa kwamba zimekuwa malipo rahisi mno. Anayeitwa shujaa haulizwi kama amekula, wala kama amelala.

Je, mzigo huu ni wa nani? Wengi watajibu kwamba ni wa jamaa yake, na hawakukosea. Papa Pius XI alifundisha mwaka 1931, katika barua yake Quadragesimo Anno, kwamba si haki chama kikubwa kinyang'anye kazi ambayo kidogo chaweza kuitimiza. Wako wanaolishika fundisho hilo ili Serikali na parokia zipate kukaa kimya. Lakini jina lake latokana na neno la Kilatini lenye maana ya msaada: mkubwa asimpokonye mdogo kazi yake, ila amsaidie aiweze. Na jamaa yenyewe siku hizi ni nani? Zamani bibi alikuwa nyumba ya pili, na shangazi ya tatu. Leo vijana wako Mjini au Dar es Salaam, na bibi mwenyewe ahitaji kushikwa mkono. Mara nyingi anayebaki ni dada wa mtoto, msichana wa miaka kumi na miwili, ambaye hukosa masomo siku za bamvua. Huyo ndiye anayelipa gharama yetu sote, wala hakuna aliyemwomba ruhusa.

Tangu mwaka 2014 hospitali ya Mnazi Mmoja ina kituo cha upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo, ambako watoto wachanga wenye kichwa kikubwa na mgongo wazi hutibiwa. Twamshukuru Mungu kwa jambo hilo. Lakini mtoto aliyeokolewa hurudi nyumbani, akaishi, akakua. Kumwokoa kwa mikono ya mabingwa, kisha kumwachia mtu mmoja peke yake kwa miaka ishirini, ni kazi iliyokatishwa katikati.

Watu watasema fedha haziko. Mwezi wa Aprili 2016 Zanzibar ilianza kumlipa kila mzee aliyetimiza miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kumwuliza kama alipata kuajiriwa au kama ni maskini. Kisiwa kilikubali kwamba uzee peke yake watosha kuwa sababu. Twaona kwamba ulemavu mzito wa mtoto nao watosha. Tena Tanzania iliridhia mwaka 2009 mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu, na kifungu chake cha 28 chataja waziwazi msaada wa gharama, hata na huduma ya kumpumzisha mlezi, kwa wanaoishi katika umaskini. Hiyo si sadaka ya kuombwa mlangoni.

Hata hivyo fedha pekee hazitoshi, kwa kuwa mama hatamwachia mtoto huyo yaya asiyejua kumlisha. Wahitajika wanawake wawili au watatu katika kila shehia, waliofundishwa kumbeba, kumlisha na kumkalisha, na wapate ujira wa kweli. Tunasema ujira makusudi, maana twapenda mno kuwataka wanawake maskini wajitolee.

Sisi Wakatoliki tu wachache Unguja. Lakini Mapadre na Masista waliofika huko mwaka 1860 kutoka kisiwa cha Réunion walianza kwa hospitali na malezi ya watoto waliokombolewa utumwani; hawakungoja kwanza kuwa wengi. Jumuiya ndogo ndogo, popote ilipo nchini, yaweza kumwendea mama mmoja wa jirani, awe Mkristo au Mwislamu, na kumwuliza ni saa zipi anazozihitaji. Amwulize yeye, asipangiwe. Huyo wa Fumba jibu lake ni jepesi: bamvua huja mara mbili kwa mwezi, na siku zake zajulikana tangu sasa.