Kujisajili Si Kulipa

Kulikuwa na mwendesha bodaboda wa Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, baba wa watoto watatu, aliyependa kuwaambia wenzake stejini kwamba mambo ya hospitali yeye keshayamaliza. Amejisajili SHA. Na kweli alikuwa amejisajili. Jina lake silitaji, maana kisa hiki kimeokotwa kwa wengi wanaobeba abiria na magunia kati ya Malaba, Amagoro na Busia, na msomaji wa huko hatakosa kumwona jirani yake ndani yake.

Alijisajili mwishoni mwa 2024. Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, ilikuwa imeanza kazi tarehe 1 Oktoba mwaka huo, bima ya zamani ya NHIF ikavunjwa baada ya kuwapo tangu 1966, na kila mahali watu wakahimizwa kujiandikisha. Kijana mmoja akaweka meza na mwavuli karibu na steji, akawa anawasajili watu kwa shilingi 100 kila mmoja. Hapo ndipo shida ilipoanzia, kwa sababu usajili ni bure. Mtu anapiga *147# kwenye simu yake, hata iwe kabambe, au anamwomba mhudumu wa afya ya jamii wa kijijini amsaidie, au anaingia hospitali ya umma na kitambulisho chake. Lakini boda ana haraka. Kusimama kidogo ni kupoteza abiria. Akatoa mia moja, akataja nambari ya kitambulisho. Ilipofika sehemu ya simu, kijana akaandika namba yake mwenyewe.

"Usijali, mkubwa. Nitakufuatilia."

"Na mama watoto?"

"Huyo utamwongeza baadaye."

Baadaye haikufika. Kijana naye aliondoka na mwavuli wake, na ujumbe wote wa SHA uliokusudiwa kumfikia boda ukawa unaingia kwenye simu ya mtu ambaye hajulikani aliko.

Miezi michache ikapita, boda akashikwa na malaria, ugonjwa ambao Busia hauna msimu wa kupumzika. Akaenda kituo cha afya, akaonyesha kitambulisho, akapimwa, akapewa dawa, akarudi nyumbani bila kutoa senti. Tangu siku hiyo hakuna aliyeweza kumwambia kitu. SHA inafanya kazi, alisema, nimeiona kwa macho yangu.

Alichokiona ni kweli, ila kilikuwa nusu. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023 ilileta mifuko mitatu. Mmoja ni wa afya ya msingi, unaogharamia matibabu ya dispensari na vituo vya afya kwa fedha za serikali, na aliyesajiliwa hadaiwi chochote hapo. Wa pili ndio bima yenyewe, ule unaolipia kulazwa, upasuaji na kujifungua katika hospitali kubwa, kama ile ya rufaa ya kaunti mjini Busia au ile ya Kocholya huko Teso Kaskazini. Huu unataka mchango. Wa tatu ni wa dharura na maradhi sugu, unaosaidia pale wa pili unapoishia. Boda wetu alitibiwa kwa mfuko wa kwanza akadhani amefungua yote mitatu.

Mchango wenyewe una hatua yake, na wengi hukwama papo hapo. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 na mwajiri wake, hana la kufikiria. Asiye na mshahara lazima kwanza ajibu maswali ya tathmini: nyumba imeezekwa kwa nini, mnapikia kuni au gesi, maji mnateka wapi, choo ni cha aina gani, mna mifugo mingapi. Majibu hayo ndiyo yanayoamua atalipa kiasi gani, na hakuna anayelipa chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Kisha anatakiwa alipe ya mwaka mzima kwa mpigo. Kwa anayedaiwa kiwango cha chini kabisa, hiyo ni 3,600.

Naona sheria ilikosea hapo. NHIF ilimruhusu mama wa sokoni alipe 500 kila mwezi. Leo mtu huyohuyo, anayeishi kwa mapato ya siku, anadaiwa ya miezi 12 pamoja. Mwaka 2025 ukaletwa mpango wa Lipa SHA Pole Pole, ambao ni mkopo wa kulipia mchango kidogo kidogo. Ni nafuu kwa kiasi fulani, lakini mkopo ni mkopo. Hata hivyo, lawama kwa serikali haimfungi mtu mguu uliovunjika, na wa boda wetu ulivunjika.

Ilikuwa usiku, malori yamejipanga kuelekea mpakani kama kawaida ya Malaba, mengine yameegeshwa pembeni bila taa. Boda alikuwa akipenya katikati yake. Wenzake walimkuta chini, mfupa wa muundi umetoka nje. Wakambeba hadi kliniki ya karibu yenye taa nyingi na bango kubwa. Hakuna aliyeuliza kama kliniki hiyo ina mkataba na SHA. Haikuwa nao. Walimfunga bandeji, wakamtundikia dripu, kisha wakataka amana kabla ya kuendelea. Kipengele cha 43 cha Katiba ya Kenya kinasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura, na mhudumu hana ruhusa ya kutanguliza pesa mbele ya uhai. Lakini saa tano za usiku, damu inavuja, nani pale alikuwa na nguvu ya kubishana? Wakachangishana kwa M-Pesa, wakalipa, na alfajiri wakamhamisha hospitali ya umma.

Mkewe, anayeuza ndizi na nyanya za kutoka ng'ambo ya mpaka, alisimama dirishani kwa keshia na kitambulisho cha mumewe mkononi.

"Mama, mzee amesajiliwa. Lakini tathmini haijafanywa, na hakuna malipo."

"Alilipa. Alilipa mia moja."

"Alimlipa nani, mama?"

Hakuwa na jibu. Keshia, binti mwenye utu, alijaribu kukamilisha tathmini palepale. Nambari ya siri ikatumwa, ikaenda kwenye simu ya yule kijana wa mwavuli. Walipompigia, hapatikani. Wakajaribu kupitia kwa mke. Jina lake halimo, wala la mtoto hata mmoja. Kubadilisha namba kulimtaka mwenyewe afike mezani, na mwenyewe alikuwa kitandani analia kwa maumivu.

Shemeji mtu akaja na ushauri: mvukeni Uganda, kule ni bure. Ushauri huo una msingi. Uganda iliondoa ada kwenye hospitali zake za serikali mwaka 2001, isipokuwa wodi za kulipia, na Wakenya wa mpakani wameujua mlango huo kwa miaka mingi. Lakini dawa zikiisha stoo mgonjwa hutumwa dukani, na mguu wa kutiwa vyuma huhitaji vyuma, ambavyo havitoki bure kwa sababu kitanda ni bure. SHA nayo haivuki mpaka pamoja na mgonjwa. Walivuka, wakakaa, wakanunua kila walichoandikiwa, na fedha zilipokatika wakarudi. Pikipiki ikauzwa. Mguu ulipona ukiwa mfupi, na mwenye mguu huo sasa anawaoshea wenzake pikipiki.

Mchango wa mwaka ambao haukulipwa, kama ungekuwa wa kiwango cha chini, ungeweza kukusanywa kwa shilingi 10 kwa siku. Mkewe alikuwa akitoa zaidi ya hizo kwenye chama cha sokoni, kwa ajili ya masufuria na viti. Simlaumu, maana hakuna aliyewaambia wanachama kwamba chama kinaweza kumlipia SHA mwanachama mmoja baada ya mwingine hadi wote waishe. Asiyeweza kabisa naye ana pa kuuliza, kwani Oktoba 2025 serikali ilizindua mpango wa kuwalipia Wakenya milioni 2.2 wasiojiweza. Aanze kwa mhudumu wa afya ya jamii wa eneo lake.

Kulipa pia hakutoshi kama hujui unapelekwa wapi. Mwaka 2025 Waziri wa Afya Aden Duale alitangaza kusimamishwa kwa vituo kadhaa vilivyoshukiwa kuidai SHA kwa udanganyifu, na miongoni mwa hila zilizotajwa ni kuandika kwamba mgonjwa amelazwa ilhali alitibiwa akaenda nyumbani. Nambari ya siri inayoingia kwenye simu yako usimsomee mtu usiyejua anaitumia kwa nini, na usiweke sahihi wala kidole kwa huduma usiyoipata. Waulizeni majirani mapema, mkiwa wazima, ni hospitali gani ya karibu inayopokea SHA na ina daktari usiku. Vijana wa boda, mjadiliane hilo stejini, maana ninyi ndio mnaobebana.

Basi shika simu yako mwenyewe, piga *147#, utazame mambo matatu: namba iliyoandikwa ni yako? Mwenzako na watoto wamo? Malipo yanaisha lini? Jina la mkeo likikosekana, liongeze leo kabla hujalala.