Kama siku imeandikwa, kwa nini twafunga mlango usiku?

Juzi baada ya swala ya Alasiri, tukiwa barazani nje ya msikiti, mzee wetu mmoja aliwasha sigara. Kijana akamnasihi kwa adabu. Mzee akacheka: "Mwanangu, siku imeandikwa. Babu yangu kavuta mpaka miaka tisini na kitu. Jirani yetu hakugusa sigara, kafa kwa saratani."

Watu wakanyamaza. Nami nikanyamaza, na hilo ndilo linalonisumbua.

Ni kweli sigara haiui kila anayevuta. Lakini Uingereza, kuanzia 1951, madaktari wanaume zaidi ya 34,000 walifuatiliwa kwa miaka 50. Matokeo yaliyochapishwa 2004 yalionesha kuwa waliodumu na sigara walikufa mapema kwa wastani wa miaka 10 hivi. Walioacha wakiwa na miaka 50 walirudisha kama 6. Babu wa mzee hafuti hesabu hiyo. Hata aliyevuka Barabara ya Morogoro kafumba macho huweza kufika ng'ambo salama.

Ama kadari, Sayyidna Umar (r.a.) alikuwa akielekea Sham akaambiwa kuna tauni. Akaamua kurudi. Abu Ubayda (r.a.) akamuuliza, je, anaikimbia kadari ya Allah? Umar akajibu kuwa anaitoka kadari ya Allah kwenda kwenye kadari ya Allah. Nani kati yetu ana imani ya kadari kumshinda Umar?

Halafu mzee husahau kwamba havuti peke yake. Chumbani mwake yumo mkewe, wamo wajukuu. Moshi wa mtu mwingine huleta saratani ya mapafu na maradhi ya moyo, na watoto huwazidishia pumu. Mzee ameridhia hatari yake. Wao waliulizwa lini? Dini yetu imekataza kujidhuru na kudhuru wengine, na hapa yamekutana yote mawili.

Mimi sivuti. Ila chai yangu ni vijiko vinne vya sukari, kituo kimoja tu napanda daladala, na tumbo limeanza kunitangulia msikitini. Kisukari nacho kina njia zake. Nakiri kwamba siku ile barazani nilikuwa na andazi mkononi, la tatu, na labda ndiyo maana ulimi ulikuwa mzito.

Inshaallah Ijumaa nitamfuata mzee, faragha, si mbele za watu. Nitaanza na habari ya vijiko vyangu, kisha nimuulize habari ya wajukuu.