Muuzaji Asiyetaka Kujua

Muuzaji akijizuia kuijua kasoro ya mali yake, ili mnunuzi akiuliza asiwe na la kujibu, ana hatia au hana? Kazi yangu hunirudisha kwenye swali hili kila mara. Mimi hukagua injini. Si za mtumba. Hizo vijana wa Sanaiya, eneo la viwanda la Sharjah, wananishinda kuzijua. Nakagua zile ambazo kiwanda kiliziunda ziwe spea, zikatiwa sandukuni, kisha gari lenyewe likaacha kutengenezwa na injini ikabaki bohari miaka ishirini na ushei.

Wateja wangu wa Mombasa na Nairobi huitaka zaidi 3S-GTE, ya Toyota Celica GT-Four. Sishangai. Celica ilishinda Safari Rally mfululizo 1984 hadi 1986, ikarudi 1990, na kuanzia 1992 hadi 1995 haikumwachia mtu. Mwaka 1993 nafasi nne za kwanza zote zilikuwa zake, na 1994 ushindi ulikwenda kwa Mkenya, Ian Duncan. Mtoto aliyekula vumbi kando ya barabara miaka hiyo leo ni mtu mzima mwenye pesa. Gari analo, lakini injini imechoka, na GT-Four ya mwisho, ST205, iliacha kuundwa 1999. Akisikia Sharjah kuna injini ambayo haijaonja petroli, halali.

Mwenye sanduku moja la namna hiyo ni mzee wa Kiomani aliyezaliwa Unguja. Namwita ami. Nilipomwomba tulifungue, alitikisa kichwa.

"Fundi, bei ya kitu hiki ni kule kutofunguliwa kwake. Nikikifungua nimekiua."

"Na hali ya ndani, ami?"

"Sijui. Siwezi kukwambia nisilolijua. Mimi si mwongo."

Anayedhani injini isiyowashwa haizeeki hajawahi kufungua moja. Injini ya silinda nne na vali kumi na sita haisimami vali zote zikiwa zimefungwa; popote krankshafti itakapotulia, iko silinda ambayo mlango wake umebaki wazi, nayo hupumua hewa ya bohari. Bohari la Ghuba mchana ni tanuri, usiku hupoa, na unyevu wake una chumvi. Mwaka baada ya mwaka, pale ringi za pistoni zilipokaa, huchoreka mstari wa kutu. Silinda ya jirani yaweza kuwa safi kabisa, ndiyo maana kuangalia moja tu hakutoshi. Mafuta waliyopaka kiwandani kwenye bearingi hukauka. Sili za mpira hukakamaa, na taimingi belti huhesabu miaka yake hata kama haijazunguka. Injini hii hailetewi betri ikapigwa stata. Hung'olewa plagi, kila silinda ikatiwa mafuta kidogo, ikaachwa yapenye, kisha ikazungushwa kwa spana ndefu kwenye bolti ya krankshafti, polepole, mkono ukitafuta pale inapokwama.

Hata mbao hutoa ushahidi. Alama ya shuke la ngano yenye herufi IPPC, inayogongwa kwenye mbao zilizotibiwa dhidi ya wadudu, ilitokana na kanuni ya 2002. Ukiikuta kwenye sanduku linalodaiwa kufungwa 1998, mbao hizo si za 1998. Si lazima pawe na mwongo hapo, kwani sanduku bovu hubadilishwa. Lakini dai la kwamba halijafunguliwa limekwisha.

Sanduku la ami halina alama hiyo. Kwa hivyo nilimwamini kuhusu sanduku. Tulichobishania ni lile jibu lake.

Sote wawili tumepita chuoni, na hadithi ya lundo la nafaka twaijua. Mtume (S.A.W.) alipita sokoni, akatia mkono ndani ya lundo, vidole vikakuta unyevu. Mwenye mali akasema imenyeshewa na mvua. Akaulizwa mbona hakuiweka iliyolowa juu watu wakaiona. Imepokewa na Muslim, na hutajwa kila watu wanapowasema wadanganyifu. Mimi hukaa zaidi kwenye ule mkono. Hebu tuseme mwenye nafaka angejibu kama ami: sijui, sijawahi kutia mkono wangu humo. Angeponea? Sidhani. Aliyelala nayo ghalani ni yeye, na mvua aliisikia.

Ami ana hoja, wala si dhaifu. Katika Minhaj ya Imamu Nawawi, aliyefariki 1277, kitabu kilichosomeshwa pwani yetu vizazi na vizazi, muuzaji akishurutisha kwamba asidaiwe kasoro, kauli yenye nguvu ni kwamba huponea ile iliyofichika ndani ya mnyama na ambayo mwenyewe hakuijua. Ni mnyama peke yake. Mnyama hula akiwa mzima na akiwa mgonjwa, na mwenyewe hana njia ya kuona yaliyo tumboni. Ami asema injini ni vivyo hivyo. Nami nikamjibu kwamba mnyama hana tundu la plagi.

Kitabu hicho hicho kinaitaja nazi, jambo lililonifurahisha nikiwa mwanafunzi, maana sikutarajia mwanachuoni wa Sham aijue. Mnunuzi akivunja yai au nazi akakuta imeharibika, huirudisha wala hadaiwi fidia ya kuvunja, kwa sababu kasoro isingejulikana vinginevyo. Lakini kama ingejulikana kwa uharibifu mdogo zaidi, alichozidisha kinamhusu. Zamani kuijua silinda kulitaka kung'oa silinda hedi nzima. Siku hizi kamera nyembamba huingia tundu la plagi ikatoka bila kuacha alama. Hukumu ni ile ile. Udhuru wa ami ndio uliopungua, na nilimwambia hivyo kwa adabu zote.

Akanijia na jambo zito zaidi. Wako wanunuzi, alisema, wasiotaka kujua nao. Hulinunua sanduku wakaliweka, au wakaliuza tena. Hao amewadhulumu nini? Nakiri kwamba hao hawakudhulumiwa. Lakini sanduku haliendi kwa hao milele. Likipita mikono mitano iliyokubaliana kutojua, yuko wa sita atakayeifunga injini garini na kupiga stata, na huyo hakuketi kwenye mapatano yoyote.

Basi nikampa masharti. Sanduku lifunguliwe mbele ya shahidi, zitolewe plagi nne tu. Silinda zikiwa safi, mteja wangu alipe bei ile ile ya sanduku lisilofunguliwa. Zikiwa na kutu, asilipe kitu.

"Na hasara ya sanduku langu lililofunguliwa?"

"Yako, ami. Kwa hukumu ya nazi."

"Nazi ni dirham ngapi, fundi?"

Swali hilo nalichukua kwa uzito, kwa kuwa hasara yake ingekuwa kubwa kweli. Ila faida aliyoitegemea ilikuwa bei ya watu kutoona, na aliyetaka faida hiyo aibebe na hatari yake. Ami hajakubali. Mteja wa Nairobi anataka barua yenye sahihi yangu kwamba injini ni mpya, na nimemwandikia kwamba sanduku nimeliona, injini sijaiona.