Lawama Isiyo na Mwenyewe

Mwanadamu apatwapo na maradhi huuliza maswali mawili: dawa yake ni nini, na mkosaji ni nani? Swali la kwanza ni la tabibu. La pili ni la moyo, na aghalabu ndilo liumizalo zaidi.

Yako maradhi ambayo swali la pili halina jibu. Kinga, iliyowekwa kupigana na vijidudu, huasi ikaushambulia mwili inaoulinda. Paul Ehrlich, mtaalamu wa Ujerumani, aliamini mwanzoni mwa karne ya 20 kwamba mwili huchelea kujidhuru hivyo. Mwaka 1956 watafiti wa London walionyesha katika damu ya wagonjwa wa tezi ya shingo kingamwili zilizoielekea tezi ile ile. Kikulacho ki nguoni mwako, husema wahenga. Hapa ki damuni.

Tuutazame ugonjwa wa lupasi. Kabla ya kubaleghe, wasichana hawawazidi wavulana kwa kuugua kama baadaye. Katika umri wa kuzaa, wagonjwa wapatao tisa katika kumi ni wanawake. Homoni zina sehemu yake katika jambo hili, kwani estrojeni huchochea chembe zinazotengeneza kingamwili. Lakini si homoni tu. Urithi na mwanga wa jua navyo vimo. Basi binti huweza kuugua wakati ule ule anapopevuka, wala hakutenda kosa lo lote. Uchovu wake hauna jeraha la kuonyesha, na viungo vilivyotulia leo huuma kesho. Watu husema ni mvivu, anadeka, au amerogwa.

Dawa nayo hufunza unyenyekevu. Kotisoni, ambayo mgonjwa wa baridi yabisi alipewa kwa mara ya kwanza mwaka 1948 huko Rochester, Marekani, ni homoni pia. Dawa za jamii yake hutuliza vita vya ndani. Zikitumiwa kwa wingi na kwa muda mrefu, hudhoofisha mifupa na kuzuia kimo cha mtoto. Homoni, basi, si njema wala si mbaya. Hakimu wake ni kipimo.

Ikiwa mkosaji hayuko, je, wajibu nao umekwisha? Hasha! Radi iwashapo paa la makuti, jirani haweki ndoo chini kwa kuwa hakuna wa kushtakiwa. Haki ya kwanza ya mgonjwa ni kuaminiwa asemapo anaumwa. Ya pili ni kufikishwa kwa tabibu. Mwili wake umekwisha kumshambulia. Ndimi zetu zisishirikiane nao.