Nilivyomdhania Mpwa Wangu

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nilitoka kanisani, nikafika nyumbani Mbagala, nikawasha kompyuta nimalizie kazi ya ofisini. Intaneti hakuna. Usiku wa kuamkia siku hiyo mpwa wangu, mwanafunzi wa kidato cha pili, alikuwa akicheza gemu kwenye kompyuta hiyo hiyo. Sikuuliza. Nilimwita mbele ya mama yake na wadogo zake, nikamwambia ameiharibu na asiiguse tena. "Mjomba, mimi sijabadilisha kitu," akasema, kisha akanyamaza, kama watoto wetu wanavyofundishwa kunyamaza mbele ya mkubwa.

Baada ya hukumu ndipo nikaanza kukagua. Nilichomoa ruta, nikasubiri kidogo, nikaichomeka. Taa zikawaka. Bando lilikuwepo. Nikatazama anwani ya kompyuta: ikianza na 169.254, ujue haijapewa anwani na ruta, na hitilafu iko humo humo nyumbani. Yangu ilianza na 192.168. Basi kompyuta na ruta zilikuwa zinaelewana. Kilichokatika kilikuwa mbele zaidi. Kila hatua ilimsafisha yule kijana, nami niliona, lakini bado nilikuwa nimenuna. Ni rahisi kumtwika mtu lawama. Kumtua ndiyo kazi.

Nikatoka nje. Simu ya jirani, yenye laini ya kampuni nyingine, nayo ilikuwa inasuasua. Kumbe ni nchi nzima, na majirani zetu wa Afrika Mashariki pia. Aliyekuwa Waziri wa Habari, Nape Nnauye, alieleza kwamba mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom imepata hitilafu kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. EASSy peke yake una urefu wa kilomita 10,000 hivi, kutoka Mtunzini, Afrika Kusini, hadi Port Sudan, na hapa Dar es Salaam unapita. Mimi nilikuwa nimemtwika mtoto wa Mbagala kosa lililotokea chini ya bahari.

Sisi wakubwa tumezoea kumsamehe mtoto. Kumwomba msamaha hatujazoea; tunaona heshima itashuka. Tunamnunulia soda, tunampa elfu mbili, tunajifanya yamekwisha. Hata mimi niliiwazia soda. Lakini nilimlaumu mbele ya watu, na haki yake ilikuwa asafishwe mbele ya watu hao hao. Wakati wa chakula cha usiku nikasema, wote wakisikia: "Nilikudhania vibaya. Nisamehe."

"Yamekwisha, mjomba," akajibu. Kisha akaniuliza mkongo uliokatika baharini unaungwaje. Nikamweleza kwamba meli huufuata mahali ulipokatika, huzivuta ncha zake kutoka chini, na mafundi huunga nyuzi za kioo, nyembamba kama unywele, moja baada ya nyingine. Alisikiliza mpaka chakula kikapoa.

Intaneti ilirejea polepole siku zilizofuata. Siku hizi ikikatika, anayekagua ruta ni yeye.