Mfano wa Chombo na Chombo Chenyewe

Msomaji, ukipita Kainuk katika njia itokayo Kitale kwenda Lodwar, huenda ukawakuta watoto wa wafugaji chini ya mti wakichunga mawe. Jiwe hili ni mbuzi, lile ni ngamia, na vijiti vilivyochomekwa mchangani ni boma. Hakuna mzazi aukatazaye mchezo huo, maana mtoto hujifunza kwao kuhesabu na kukumbuka. Wala hakuna mzazi ampaye mtoto kundi zima kwa sababu ameyachunga mawe vizuri. Jiwe halitoroki, haliugui, wala halioni kiu.

Mwanafunzi wa sekondari leo naye ana mawe yake. Shule isiyo na vyombo vya kutosha yaweza kumwonyesha hadubini ndani ya kompyuta, akaibadili lenzi kwa kidole na kuona picha ikikuzwa mara 1,000. Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, kina mradi uitwao PhET, ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Majaribio yake ya mfano hutolewa bure, na mengi yaweza kutumika pasipo intaneti. Hii ni neema, na anayeidharau hajapata kusoma sayansi kwa chaki peke yake.

Lakini nakuuliza: aliyejifunza hivyo aweza kusema kwa haki, "Naijua hadubini"?

Mfikiri mgonjwa wa homa. Mpimaji huchukua tone la damu, akalitandaza juu ya kipande cha kioo, akalikausha, akalitia rangi ya Giemsa, kisha akalitazama kwa lenzi kali kupitia tone la mafuta, akitafuta vijidudu vya malaria. Katika kompyuta kazi hiyo imekwisha kufanywa na mtu mwingine; damu imetandazwa sawasawa na rangi imekolea. Kainuk kuna vumbi. Punje ya rangi isiyochujwa nayo yaweza kudhaniwa kijidudu, na mgonjwa akatibiwa maradhi asiyokuwa nayo, huku yake yakiendelea kumla. Tena, ukiishusha lenzi kwa pupa katika kompyuta, hakuna kinachovunjika. Mezani kioo hupasuka, na damu ya mtoto aliyelia alipochomwa sindano imepotea.

Linalonisumbua zaidi si kosa la mwanafunzi, bali letu sisi tunaompa mfano. Ni rahisi mno kutangaza kwamba shule ya mbali imepata maabara kwa kuwa imepata kompyuta, ilhali shule tajiri ya mjini huwapa watoto wake mfano asubuhi na chombo mchana. Mtoto wa Kainuk akipewa mfano tu, aambiwe wazi kwamba ni mfano, apate kujua amefika wapi.

Naye akiingia siku moja katika maabara ya Lodwar, asione haya kusema, "Nimeiona, sijaishika." Mwalimu ampe kitunguu, wembe na vioo vichache, hata kama cha kwanza kitapasuka.