Mama Akikosa Pumzi, Msisingizie Vumbi la Pamba

Wanangu wa Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega, nisikilizeni. Mama aliyewahi kutibiwa kansa ya titi, hata kama alipata nafuu akarudi shambani miaka mingi iliyopita, akianza kuhema kwa shida msiseme ni vumbi la pamba. Msimnunulie dawa ya kikohozi dukani mkalala. Msizunguke kwa waganga kuuliza nani kamroga.

Kansa ile huweza kusafiri ndani ya mwili ikatua kwenye mapafu au kwenye utando unaoyafunika. Maji hujaa kati ya pafu na mbavu. Mara chache huwa ni hewa iliyovuja. Pafu hubanwa, likasinyaa. Usiku mtamwona hawezi kulala chali, ameketi kaegemea ukuta, anakatiza maneno ili avute pumzi. Mwingine huchomwa ghafla upande mmoja wa kifua. Hapo ni kumkimbiza hospitali usiku uleule. Msingoje mnada upite.

Mkifika, la kwanza kusema ni kwamba aliugua kansa ya titi. Mtu anayekohoa na kukonda hupimwa kifua kikuu, na ni haki apimwe, lakini daktari asiyeambiwa ya nyuma atachelewa kuuona ugonjwa wenyewe. Bebeni vyeti vyake vyote, hata vilivyochakaa.

Atapigwa picha ya kifua. Huenda akatobolewa ubavuni na kuwekewa mpira unaoshuka hadi kwenye chupa yenye maji. Mkiona mapovu msitaharuki, ni hewa inayotoka. Chupa hiyo ikae chini ya usawa wa kifua hata anapohamishwa kitanda. Ndugu mwenye huruma akiinyanyua juu, maji yanaweza kurudi kifuani.

Akishapumua vizuri, msimrudishe nyumbani mkadhani yamekwisha. Maji hujaa tena kansa isipotibiwa, na kansa iliyohamia pafuni bado ni ya titi, hutibiwa kwa dawa za titi. Mara nyingi haiondoki kabisa, ila dawa humwongezea mtu muda wa kuishi na wanawe. Zamani wagonjwa wetu walielekezwa hospitali ya kansa ya Ocean Road, Dar es Salaam. Siku hizi hospitali ya Bugando, Mwanza, nao wanatibu kansa. Nauli ya kupita Lamadi hadi huko itengwe kwenye fedha za pamba kabla hamjanunua bati na pikipiki.